Korosho Ghafi Hazipiti Hapa

Mama mkubwa wangu, dada yake mama mzazi, ana mikorosho yake Mnyambe, huku Newala mlimani. Aliirithi kwa mama yake, naye mama yake aliirithi kwa wake, maana kwetu shamba hufuata tumbo. Yeye mwenyewe aliolewa Lisekese, upande wa Masasi, na huko chini ndiko alikozeekea. Kila msimu hupanda huku juu kuokota korosho zake, hufikia kwangu Newala mjini, hulalamika kwamba maji yangu ni machache na mke wangu ni mpole mno, kisha huteremka nazo. Sehemu kubwa huipeleka ghalani, kwenye ghala la ushirika ambako sheria inataka korosho ziuzwe, kama watu wote. Kiroba kimoja hukibakiza cha nyumbani, na habari yote ninayotaka kuisimulia ni ya hicho kiroba kimoja.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, nikaacha, nikafungua duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na ofisi za wilaya. Hapo ndipo mtu anapoijua serikali vizuri, kwa sababu kila aliyeambiwa "nenda kalete kopi tatu" huishia mlangoni kwangu. Vibali vimenilisha miaka mingi, kwa hiyo nikivisema vibaya mtu asidhani nina wivu. Pamoja na duka nilikuwa na safu katika gazeti moja la Dar es Salaam, kwenye ukurasa wa maoni, kona ya chini ambako mhariri huweka watu wa mikoani. Magazeti hutufikia kwa basi yakiwa yameshachelewa. Walimu na wastaafu huyasoma kwenye benchi langu bila kununua, nami huwaacha, kwa sababu napenda kubishana na asiyesoma hana cha kubishia.

Msimu huo magazeti yalijaa korosho. Gazeti lililoegemea huku liliandika kwamba mkulima analindwa vyema na mageti ya barabarani yanayozuia korosho kutoroshwa. Gazeti lililoegemea kule liliandika kwamba halindwi vya kutosha, mageti yaongezwe, ila wapewe watu wengine wenye uchungu zaidi. Niliyasoma yote mawili asubuhi moja nikisubiri umeme urudi. Watu wawili wanagombea kamba ya mbuzi, huyu anadai atafunga taratibu, yule anadai mwenzake hajui fundo, na hakuna hata mmoja anayeuliza mbuzi kakosa nini. Tahariri moja ilifika mahali pa kusema kwamba mkulima lazima alindwe dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Nikaisoma kwa sauti.

Mama mkubwa alikuwa ndani ya duka anakunywa chai, miguu ameinyoosha.

"Huyo aliyeandika," akauliza, "yeye nani anamlinda na nafsi yake?"

Watu wa benchi wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta kalamu.

Wala sisemi kwamba walanguzi hawapo. Kangomba tunaijua sisi kuliko wahariri. Ni mtu kuja wakati mikorosho ina maua, watu hawana chakula, akanunua kwa bei ya kukutukana, akarudi na mizani msimu ukifika. Mjomba wangu aliuza korosho zikiwa bado maua mtini, na nilimwona akiziokota kwa uchungu kwa sababu hazikuwa zake tena. Anayetaka kumkamata mlanguzi amkamate, nitamshikia tochi. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya mlanguzi humkuta kwanza yule apitaye mchana barabara kuu, kwa kuwa mlanguzi hapiti barabara kuu. Mlanguzi ana pikipiki na anazijua njia zote za miguu kuanzia mlimani hadi Lisekese.

Siku ya kuteremka nilimsindikiza. Jirani alikuwa anapeleka mbao Masasi kwa pikapu, akatupa nafasi mbele, kiroba kikakaa nyuma juu ya mbao. Dereva alimshauri mama mkubwa kwa heshima kwamba kiroba kifunikwe turubai, au apewe kijana wa bodaboda apite nacho mashambani, watakutana mbele. Ndivyo wengi wanavyofanya, na kwa kweli nami nilidhani ndivyo tutakavyofanya.

"Mwizi ndiye hupita vichochoroni," mama mkubwa akasema. "Kiache wazi."

Geti lenyewe lilikuwa mti umelazwa juu ya madebe mawili yaliyojazwa zege, na kibanda cha makuti pembeni. Kulikuwa na vijana watatu wa geti, na mama ntilie mmoja ng'ambo ya barabara akiuza chai na mihogo ya kuchemsha. Kijana aliyewaongoza wenzake alikuja dirishani akatuamkia vizuri. Nataka hilo lijulikane, kwamba adabu alikuwa nayo tangu mwanzo mpaka mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Kwenye kiroba kuna nini?"

Hapo ndipo watu wote husema mihogo, au mbaazi, au huingiza mkono kwenye pochi.

"Korosho," mama mkubwa akasema. "Ghafi, na maganda yake. Zimetoka shambani kwangu zinakwenda jikoni kwangu."

Kijana akamtazama dereva, dereva akaangalia usukani. Kijana akauliza kama ana kibali. Mama mkubwa akauliza kibali cha nani. Akaelezwa, taratibu, kwamba korosho ghafi hazivuki wilaya bila kibali, kwa hiyo ama arudi nazo azipeleke ghalani, ama aziache hapo getini.

"Nikiziacha hapa zitakuwa za nani?"

Kijana akajikuna shingo, akainama zaidi dirishani, akamsemesha kwa sauti ya chini kama mtoto anayemtetea mama yake kwa baba.

"Mama, za nini lakini? Kama una msiba, au una mgonjwa, niambie tu. Nampigia mkubwa, unapita."

Mimi nikaona mlango umefunguka, nikamkanyaga mguu. "Mwambie za arobaini, Mama Mkubwa."

Akanigeukia. "Nani kafa?"

Akamrudia kijana.

"Mwanangu, mimi nimekuuliza mshahara wako unaufanyia nini? Ukinywea pombe, ukijengea, nimeuliza? Hizi ni zangu. Nikitaka nitazila, nikitaka nitawarushia kuku."

"Nakuelewa mama. Lakini sheria ndiyo hiyo."

Nyuma yetu gari la abiria lilikuwa limesimama na watu wameanza kushuka kunyoosha miguu. Mama mkubwa aliangalia mbele, kule Masasi, mdomo ameubana. Mimi nilishakata tamaa, nilikuwa naipanga safu yangu kichwani.

"Ghafi ndizo hazipiti?" akauliza.

"Ndiyo mama, ghafi."

"Na zilizobanguliwa?"

"Hizo ni chakula. Chakula hakinihusu."

"Haya," akasema, akafungua mlango. "Shusheni kiroba."

Asiyewahi kuona korosho zikichomwa na maganda yake aelewe jambo moja. Ganda la korosho lina mafuta makali. Ukiziweka kwenye bati lenye matundu juu ya moto, mafuta yanaanza kutoka, yanarukaruka, halafu yanashika, na moto unapanda juu kuliko mtu. Moshi wake ni mweusi na mzito, unawasha macho, unakaba koo, na nguo iliyopigwa na moshi huo haifai tena kwa sala mpaka ifuliwe. Nyumbani huchomwa mbali, nyuma ya nyumba, kwa kuangalia upepo. Mama mkubwa hakuangalia upepo. Au pengine aliuangalia sana, sijawahi kumuuliza.

Mama ntilie alimpa kuni na kipande cha bati la zamani bila kuulizwa mara mbili. Matundu ya misumari yalikuwepo tayari. Walipanga mafiga kwenye mchanga wa kando ya barabara, hatua chache kutoka kwenye ule mti uliolazwa, nje ya eneo la geti kwa kipimo cha kijana mwenyewe, ambaye bado hakuwa ameelewa. Mama mkubwa akajifunga kanga kiunoni, akachukua ufito mrefu, akamwaga za kwanza.

Moshi ulipoinuka ulikwenda moja kwa moja kibandani. Vijana wa geti walivumilia kidogo kwa heshima, kisha wakatoka wakikohoa, macho yanatiririka, wakasogea mpaka nyuma ya lori la mahindi lililokuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Ule mti walikuwa wameuinua kupitisha gari na hapakuwa na mtu awezaye kusimama pale kuushusha. Magari yakapita. Bodaboda wakapita, na miongoni mwao nina hakika walikuwemo wenye mizigo isiyotaka kuulizwa. Mama mkubwa alikuwa anageuza korosho kwa ufito, uso ameupindisha, akikohoa naye, na korosho zilipowaka sawasawa alizimwaga mchangani, akazifukia zizimike, akaweka nyingine.

Kubangua, kuvunja ganda na kutoa kiini, ni kazi ya wanawake wengi, na wanawake wengi walikuwepo. Wale wa gari la abiria walikaa chini mmoja mmoja, wakapaka mikono majivu ili mafuta yasiwachune, wakaokota mawe na vipande vya kuni wakaanza kugonga. Hakuna aliyewaomba. Mmoja alisema kwa Kimakonde maneno yanayowahusu waliozuia, nami siwezi kuyaandika hapa, wenzake wakacheka mpaka wakaacha kugonga. Dereva wa gari lao alipiga honi, wakamwambia atangulie kama ana haraka. Mimi niligonga vibaya, nikavunja nyingi, nikaambiwa nikae mbali na kazi za watu.

Jua lilikuwa limeshageuka kiroba kilipokwisha. Mama mkubwa alimgawia kila aliyebangua kiganja kimoja, akamwekea mama ntilie sahani nzima, akaazima kwake beseni la kutilia zilizobaki, kisha akavuka barabara na kiganja kingine hadi nyuma ya lori.

"Umetutesa mama," kijana wa geti akasema, macho mekundu.

"Poleni wanangu. Kuleni."

Wakazila. Mama mkubwa akapandisha beseni la korosho zilizobanguliwa kwenye pikapu, akapita nalo mikononi, juu ya mapaja, na kijana akamfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nilishangilia njia nzima. Dereva naye alishangilia. Mama mkubwa alikuwa anachambua zilizoungua kwenye beseni, na tulipofika Lisekese nikamwambia kwamba leo amewashinda, alikasirika.

"Nimewashinda wapi? Mimi nilizitaka ghafi. Ghafi ndiyo inakaa mwaka mzima na ganda lake, nachoma kidogo kidogo mgeni akija. Hizi zimeungua nusu, nyingine wewe umezivunja, na baada ya muda zitachacha. Nimepita kwa ujanja. Nani kasema nataka ujanja kupita na mali yangu?"

Hilo ndilo lililonifundisha, wala sikulipata kwenye gazeti lolote. Nikaandika safu. Sijawahi kuandika kitu kwa hasira safi namna ile. Niliandika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu hapaswi kujieleza kwa nini anasogeza chake kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na kwamba serikali inayotulinda na nafsi zetu ituambie kwanza nafsi zetu zimeikosea nini.

Mhariri alinipigia. Ni mtu mwema, ana mkopo wa nyumba na watoto wawili chuo.

"Kali, lakini nzuri," akasema. "Inakosa kitu kimoja. Korosho zilikuwa za nini? Msomaji atataka kujua."

"Zilikuwa zake."

"Nakuelewa. Lakini mpe msomaji sababu ya kumwonea huruma. Mjukuu anaumwa? Karo?"

Nilimpigia mama mkubwa nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwambie bwana wako mimi si ombaomba," akakata simu. Nikampelekea mhariri jibu hilo kwa lugha laini zaidi. Gazeti lilipofika kwa basi nilikuta safu yangu imechapwa yote, hawakutoa hata mkato, ila wamechomeka maneno yasiyokuwa yangu, "bibi kizee maskini", mara moja kwenye kichwa cha habari na mara mbili ndani.

Kule Lisekese watoto walianza kumwita bibi maskini wa gazetini. Mtu mwenye nyumba ya bati, mbuzi, mashamba mawili na meno yake yote. Nilikwenda kumwomba radhi, akaniacha nimesimama uani muda mrefu kabla hajaniambia kaa.

Nilikuwa bado nipo pale uani, siku hiyohiyo, wageni walipofika. Mhariri alikuwa ameniarifu mapema kwamba kuna ofisi imeguswa na safu, wanataka kuja kwa bibi, na ndiyo maana nilichagua siku ile. Alikuja afisa mmoja mpole wa makamo, dereva, na mpiga picha. Walikaribishwa mkekani, wakapewa maji, na jirani mmoja wa mama mkubwa akaja kukaa nasi. Afisa akatoa karatasi kwenye bahasha, akaishika kwa mikono miwili. Kibali maalumu, akasema, kwa ajili ya mama, kumruhusu kusafirisha kiroba kimoja cha korosho ghafi msimu ujao, bila usumbufu wowote. Mpiga picha akasimama.

"Ahsante," mama mkubwa akasema. "Na jirani yangu huyu hapa? Naye ana mikorosho huko juu."

"Jirani yako hajaandikwa gazetini, mama."

"Kwa hiyo mimi ninapewa kwa kuandikwa."

Afisa akatabasamu. "Unapewa kwa huruma tu."

"Huruma wapeni wagonjwa."

Akadhani ni utani. Akafungua kalamu, akasema kumebaki sehemu moja ndogo ya kujaza, sababu ya kusafirisha, na kwamba yeye binafsi anashauri waandike matumizi ya nyumbani.

"Andika ni zangu."

"Hiyo si sababu, mama."

"Basi nyingine sina."

Nilimwona afisa akinitazama, akiniomba kwa macho nimsaidie mzazi wangu kuelewa. Zamani ningemsaidia. Nimesaidia watu wengi sana kujaza sababu, hiyo ndiyo kazi ya duka langu, najua ipi inapita na ipi inarudishwa. Nikatazama chini. Aliisubiri karatasi ijijaze, haikujijaza, akairudisha kwenye bahasha bila ubaya wowote, akaaga, na mpiga picha akawapiga picha kuku.

Jioni mhariri akapiga. Alitaka makala ya kufuatilia, yenye picha, ya kushukuru ofisi kwa kusikia kilio cha mnyonge. Nikamwambia mnyonge hakulia na hakupokea. Nikamwandikia hivyohivyo, maneno machache tu, kwamba ruhusa anayopewa mmoja kwa kuonewa huruma inawafunga wengine kuliko katazo, kwa sababu katazo angalau linatuudhi sote pamoja. Hakuichapa. Wiki iliyofuata kona yangu ilikaliwa na mtu mwingine, daktari wa uchumi, akieleza kwa nini mageti ni hatua ya mpito. Sikuaga wasomaji wala sikuagwa.

Watu wa benchi walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mmoja alisema ningekubali kidogo tu, ningebaki na sauti. Nimelifikiria sana hilo na nimelikataa. Sauti yenyewe ilikuwa ya kusema mtu aachiwe chake. Ningeitunza kwa kumwita mama yangu mnyonge, ningekuwa nimebaki na mdomo tu.

Msimu huu mama mkubwa alipanda tena mlimani, akaokota, akapeleka ghalani, akabakiza kiroba. Nami pia nina mikorosho michache upande wa mama, na kila mwaka hupeleka zote ghalani kwa sababu ya uvivu. Safari hii nilibakiza kiroba changu. Mke wangu aliuliza ninazitakia nini, nikamwambia sijui bado, akanitazama, akaenda kunishikia gunia nilifunge.

Pikapu ilikuwa ileile. Viroba viwili vikakaa nyuma, wazi. Getini alikuwepo kijana mgeni ambaye hatujawahi kumwona. Akaamkia, akatazama nyuma, akaja upande wangu kwa sababu ndimi niliyekuwa dirishani.

"Za nani hizi, mzee?"

"Kile chake. Hiki changu."

"Ghafi?"

"Ghafi."

"Za nini?"

Nimeandika maoni miaka mingi, nimewajibu mawaziri bila wao kujua, na hapo nikajikuta nahesabu madebe ya zege mbele ya kijana mmoja na mti wake. Mama mkubwa alikuwa anatazama mbele. Hakunikanyaga mguu.

"Hilo sikuambii," nikasema.

Akasema tuegeshe pembeni. Tukaegesha. Mama ntilie alituona kutoka ng'ambo, akaanza kukusanya kuni, lakini mama mkubwa alimwashiria kwa mkono aziache. Aliteremka, akatandika kanga mchangani kwenye kivuli cha pikapu, akaniambia niketi na mimi, kwa sababu leo hatubangui.